Nyuma Nilifunga Debe

Salehe muuza kahawa anamwambia kila mnywa kikombe chake kwamba Fundi Omari aliondoka Ngamiani amepanda pikipiki, akarudi anaikokota kwa masikio kama mbuzi wa kununua. Sikatai. Mlinicheka mkashiba, na haki yenu, maana kidomodomo cha barazani nilikianza mimi. Lakini tangu Ijumaa ile kila mmoja wenu ananijia dukani kwa wakati wake, ananunua vali ya baiskeli asiyokuwa na haja nayo, kisha ananong'ona, "Hebu Fundi, hasa palitokea nini?" Barazani siwezi kueleza. Nikianza neno, Salehe ananimalizia. Kwa hiyo nimekaa nikaandika, na atakayesoma asinikatize.

Nadhiri yangu mnaijua, ila naikariri kwa ajili ya wasiokuwapo. Nilisema nitazunguka peke yangu kwa pikipiki: Korogwe, Same, Moshi, Voi, Mombasa, nirudi Tanga hapa kwetu Ngamiani, siku saba. Nisipakie mtu. Nisisukume wala nisisukumwe. Na Ijumaa nisimame safu ya mbele msikitini kabla imamu hajapanda mimbari. Pikipiki yenyewe ni ile iliyobaki ya vita, niliyoipata vipande vipande ndani ya magunia kutoka kwa Mzungu wa mkonge aliyekuwa akirudi kwao. Nyinyi mlisema haitafika Muheza. Ilifika Moshi, ikafika Voi, ikafika Mombasa, na siku sita hizo hazina hadithi ila mvua na mgongo kuuma. Hadithi ni siku ya saba.

Likoni

Nilifika kivukoni jua halijachomoza, mtu wa kwanza, najiona mjanja. Kwenye kamba ya kuzuia magari alisimama mtu mzima, mfanyakazi wa feri, kofia ya kiua kichwani na mswaki mdomoni.

"Sabalkheri," nikamwambia.

"Sabalkheri, bwana."

"Habari za hapa?"

"Njema."

"Za kivuko?"

"Njema."

Basi nikaegesha chombo, nikaenda kununua mahamri manne na chai ya tangawizi, nikakaa juu ya gogo. Mahamri yakaisha. Chai ikaisha. Watu wa baiskeli wakajaa, wenye vikapu vya samaki wakajaa, jua likatoka, feri iko ng'ambo imetulia tu. Nikamrudia yule bwana.

"Mbona hatuvuki?"

"Aa, lori la nazi limekwama kwenye mteremko wa ng'ambo. Tangu alfajiri."

"Lo! Na mimi si nilikuuliza?"

"Uliuliza, nikakujibu. Ukaenda zako kunywa chai."

Nilichukia, na nilichukia zaidi kwa kuwa alikuwa amesema kweli. Sisi watu wa pwani ndivyo tulivyo. Mtu akiulizwa habari, hata paa la nyumba yake likiwa linawaka moto, kwanza ni njema. Lililo baya huja baadaye, mkishakaa, mkishaulizana za watoto na za shamba, ndipo mtu anavuta pumzi anasema "ila." Mwenye haraka huikosa ile "ila." Nililijua hilo tangu utotoni, na siku ile nilikuwa nimekumbushwa kabla ya saa moja ya asubuhi. Kumbukeni hilo mnaposoma yanayofuata.

Likoni hadi Lunga Lunga

Tulivuka saa moja kupita. Njia ya huko ni udongo mwekundu na mashimo, na kila shimo lina mwenzake. Nyuma ya kiti nilikuwa nimefunga debe la petroli, limejaa hadi shingoni, kwa kamba mbili za katani na fundo moja. Lilikuwa likinipiga mgongoni kila nikiingia shimoni, na mpaka nilipopita Msambweni nilikuwa nimelizoea kama mtu anavyomzoea mke mwenye maneno.

Karibu na Lunga Lunga nilipita kibanda cha tembo la mnazi. Wanaume watatu walikuwa wamekaa kwenye kigogo na vifuu vyao mkononi. Waliposikia mlio wakainua shingo, wakaniona, wakatupa vifuu, wakatokomea kichakani. Nikasimama nikashangaa. Mama mmoja aliyekuwa akichoma vitumbua pembeni alicheka mpaka akashika kiuno.

"Wamekudhani karani wa kodi, mwanangu. Huku hapiti mtu na pikipiki ila yeye."

"Shikamoo, mama. Mimi fundi tu."

"Marahaba. Waambie wao, mimi silipi."

Nikala vitumbua sita vya moto, vya mchele na iliki, mafuta yakanitiririka mpaka kwenye kiwiko. Mama akakizunguka chombo changu mara mbili, akaligusa tangi kwa kidole, akauliza kama huwa kinalala usiku au kinasimama tu kama punda. Nikamwambia kinalala. Wale watatu walikuwa bado kichakani nilipoondoka. Nikawaza njiani kwamba katika nchi hii mtu akiwa juu ya pikipiki hana uso. Watu wanaona pikipiki, basi, wanamaliza wenyewe.

Mtu wa chini ya mkorosho

Mpakani nilipita kama mtu apitavyo ukumbini kwake, na mambo ya hapo hayana ladha. Maili kama nne mbele, upande wetu, nikaona pikipiki nyingine imeegemezwa kwenye mkorosho. Kando yake alisimama mtu mwembamba wa makamo yangu, shati la kaki lililopigwa pasi vizuri na kuharibiwa na vumbi. Mkononi alikuwa na kifurushi cha gazeti. Nikapunguza mwendo, maana fundi hawezi kupita chombo kilichokufa kama daktari asivyoweza kupita mtu aliyeanguka. Angalau ndivyo nilivyokuwa nikijisifu.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam."

"Habari za safari?"

"Njema, alhamdulillahi. Sijui wewe?"

"Njema. Chombo kimegoma?"

"Nilivuka Likoni na feri ya usiku. Hapa kimezima ghafla, hakitaki tena."

Nikafungua plagi, nikaiegemeza kwenye chuma, nikamwambia apige kiki. Cheche hakuna. Nikatia plagi yangu ya akiba. Hakuna. Sumaku inayozaa cheche ilikuwa imekufa, na sumaku haifufuliwi kwa bisibisi chini ya mkorosho. Nikamwambia hivyo. Alipoinama kuangalia nikasikia harufu ya marashi ikitoka kwenye kile kifurushi, marashi mazuri ya waridi, chupa nzima. Nikatabasamu. Shati la pasi, marashi, asubuhi ya Ijumaa: nikamtambua. Bwana harusi huyu, au ndugu wa bwana harusi.

"Naona bibi harusi atangoja kidogo," nikamtania.

Akanitazama. Akatabasamu pia, kwa adabu.

"Bwana," akasema, "naenda hapo mbele tu, Kichangani. Kama ungenipakia hapo nyuma..."

"Nyuma nimefunga debe," nikasema. "Petroli. Haiwezekani."

Kamba zilikuwa mbili na fundo moja, nimeshawaambia. Ningelifungua kwa meno. Na petroli nyingi ya debe lile ingeingia tangini, tangi lilikuwa limeshuka chini ya nusu. Lakini nilikuwa nimeapa mbele yenu kwamba sipakii mtu, na siku ya saba mtu hatupi nadhiri kwa ajili ya harusi ya watu asiowajua. Hilo sikumwambia. Nilimwambia debe.

"Basi la Tanga litapita," nikaongeza. "Usiwe na haraka. Bibi harusi hatoroki."

Akafungua mdomo kama mwenye neno. Mimi mguu ulikuwa kwenye kiki tayari. Injini ikanguruma, na alilosema, kama alisema, likapotea humo. Nilipogeuka nilimwona amesimama vilevile, kifurushi amekikumbatia kifuani.

Kichangani

Kutoka hapo hadi Kichangani ni maili ishirini za minazi, mihogo na mkonge. Nilikwenda vizuri. Saa nne na robo nilikiona kijiji, na kutoka hapo mpaka Ngamiani kwetu ni maili ishirini nyingine tu. Nilikuwa nikihesabu moyoni: nitafika, nitaoga, nitavaa kanzu nyeupe, nitapita mbele ya Salehe bila kumsemesha.

Penye nyumba za kwanza nikaona watu wengi uani, kisha nikaona wanainuka wote kwa pamoja. Wakatoka barabarani na jeneza begani. Nikazima injini, nikavua miwani ya vumbi, nikashuka. Nani katika sisi angepita? Jeneza likikukuta njiani unalipa bega lako, hata hatua chache, marehemu umjue usimjue. Nikaenda nikatoa bega langu.

Wakanipisha. Wakanipisha mpaka mbele kabisa, upande wa kulia wa kichwani. Mmoja akaichukua pikipiki yangu akaisogeza kivulini bila kuambiwa. Mwingine akanipangusa vumbi mgongoni kwa kiganja chake. Uani kilio cha wanawake kikapanda ghafla. Nikasema moyoni, watu wa Kichangani ni wakarimu, wanamheshimu mpita njia kuliko sisi wa mjini. Nikatembea nao tukisoma. Wenzangu wakawa wanabadilishana mabega, mimi hakuna aliyenipokea. Kila nikitazama nyuma nani atanipokea, wananitikisia kichwa polepole.

Makaburi yako nyuma ya shamba la mihogo. Tukaliweka jeneza chini. Mzee mmoja mrefu, mwenye ndevu nyeupe na macho yaliyovimba, akanishika bega.

"Haya, mwanangu. Shuka wewe umpokee baba yako, umwone uso."

Nikageuka kuangalia nani nyuma yangu. Hapakuwa na mtu.

"Mzee wangu," nikasema, "shikamoo. Mimi si mwanawe. Mimi Omari, fundi wa Ngamiani. Napita njia."

Wakatazamana. Kisha sauti moja nyuma ikauliza, "Sasa hii pikipiki ya nani?"

Mzee yule, jina lake Mzee Kombo, akanieleza polepole, akisimama kupumua. Marehemu ni kaka yake, Mwalimu Mbwana, aliyefundisha chuo cha Kurani hapo kijijini maisha yake yote. Ana mtoto mmoja tu, Athumani, aliyeondoka mdogo na hajaonekana kwa miaka kumi na minane. Mwalimu alifariki jana asubuhi. Athumani akapata habari kazini kwake Mombasa, akatuma ujumbe na dereva wa basi: ningojeni, nakuja Ijumaa asubuhi kwa pikipiki ya tajiri wangu. Wamelaza maiti usiku kucha kwa ajili yake, jambo wasilolifanya kwa mtu. Waliposikia mlio wa pikipiki, wakajua kafika. Uso wake wa utu uzima hakuna anayeujua, na mfiwa haulizwi jina.

Nikamkumbuka mtu wa chini ya mkorosho.

"Ana shati la kaki?" nikauliza, swali la kipumbavu, maana nani angejua. "Nimempita njiani, mzee. Chombo kimemharibikia, maili ishirini huko nyuma."

"Hakukuambia kama ana msiba?"

"Nilimwuliza habari. Akasema njema."

Mzee Kombo akaitikia kwa kichwa. "Ndiyo. Angesemaje?"

Akatazama jua, akatazama jeneza. Akasema watangoja mpaka saa sita. Zaidi ya hapo ni kumtesa maiti, joto limezidi. "Huyu kijana hakumwomba baba yake radhi," akasema. "Anataka amwone uso amwombe. Ndilo alilotuma kusema, neno hilo moja. Tusimfunike kabla hajamwona."

Nikaitazama saa yangu. Saa nne u nusu. Mbele ni Ngamiani, maji ya kuoga, safu ya kwanza. Sikuwaza kwa muda mrefu, lakini niliwaza. Ninawaambia kweli.

Kurudi nyuma

Nilirudi kwa mwendo ambao fundi hamruhusu mteja wake. Nilimkuta baada ya maili kumi na sita, maana naye alikuwa ametembea. Alikuwa ameisukuma pikipiki ile maili nne nzima, amevua viatu amevifunga shingoni kwa kamba zake, shati halina tena habari ya pasi. Kifurushi kilikuwa juu ya tangi, amekizuia kwa kidevu.

"Mbona hukuiacha ukapanda basi?" nikamwuliza.

"Basi lilipita limejaa mpaka juu. Na hii ya tajiri wangu, ni amana."

Hakuuliza mbona nimerudi. Nilizima injini. Nikakaa chini ukingoni, kwenye nyasi, nikampigapigia mahali pa kukaa. Akashangaa, lakini akakaa. Nilijua hatuna muda. Lakini nilijua pia kwamba asubuhi nilimnyima jambo hilo, na sikuona njia nyingine ya kuanza.

"Habari za tangu asubuhi?"

"Njema."

"Za nyumbani?"

"Njema."

"Za wazee?"

Akaangalia miguu yake. "Njema," akasema. "Ila baba hatunaye."

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," nikasema. "Pole, ndugu yangu. Natoka kwenye jeneza lake sasa hivi. Wanakungoja mpaka saa sita."

Akasimama kabla sijamaliza.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na nyumba ya makuti ya bibi mmoja wa Kidigo, Bi Mwanasha, anaanika mihogo. Tukamwamkia, tukamweleza kwa maneno mawili, akasema tuiingize pikipiki ukumbini kwake. "Haiibiwi hii," akasema, "nitailalia mlangoni." Nikalifungua debe, fundo likatoka kwa mkono mmoja, nikaliweka karibu na kinu chake. Na kwa haraka niliyokuwa nayo sikumimina tangini hata tone. Fundi gani!

Wawili juu ya chombo

Maili ya kumi tairi la nyuma likalala. Nilitegemea, uzito ulikuwa mpya kwake. Nikalitoa gurudumu, nikatoa mpira, nikausugua, nikatia gundi. Gundi haina msiba wala haraka. Inakauka kwa wakati wake. Athumani alichuchumaa ameshika pampu kwa mikono miwili. Jua lilikuwa kichwani. Hapo, bila kuulizwa, alizungumza.

"Alinichapa mbele ya wenzangu wote chuoni. Kwa kosa la mwenzangu. Nikaapa sitarudi mpaka aniite. Mwaka juzi aliniita. Aliandika barua kwa mkono wake, ananiomba nije. Nikasema moyoni, nitakwenda mwakani, na yeye angoje kidogo kama nilivyongoja mimi."

Nikabandika kiraka, nikakikandamiza kwa dole gumba. Nilitamani kumwambia kuhusu kamba mbili na fundo moja. Sikuweza. Nikamwambia, "Tia upepo."

Tulifika Kichangani saa saba kasoro robo.

Watu walikuwa wamekaa makaburini, chini, kimya, na hakuna aliyeinuka. Majembe yalikuwa yamesimamishwa kwenye lundo la udongo. Jeneza lilikuwa tupu. Athumani aliliona hilo jeneza kabla yangu, akashuka pikipiki haijasimama.

Mzee Kombo akamkumbatia. "Tumemlaza, mwanangu. Tulisogeza mpaka saa sita u nusu, joto likatushinda. Mbao zimeshawekwa. Lakini udongo hatukurudisha. Udongo tumekungoja wewe."

"Na uso?"

"Umeshafunikwa."

Hakupiga kelele. Akashuka kaburini na kifurushi chake, na watu wakageuza nyuso wakatazama mihogo. Mimi nilikuwa mbali, penye pikipiki. Sikusikia maneno yake. Nilisikia tu kwamba anazungumza, muda mrefu, kwa sauti ya chini, kama mtoto anayesoma somo alilokuwa hajalihifadhi. Kisha harufu ikanifikia. Alikuwa ameifungua ile chupa akaimwaga yote juu ya mbao. Marashi yaleyale ya asubuhi, na mimi niliyasikia nikamtania kwa bibi harusi. Niliona haya ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Kama ningemchukua saa tatu u nusu, saa nne na robo angekuwa ameuona uso wa baba yake, umelala wazi, usiku kucha umemngoja.

Akatupa udongo mara tatu, wenzake wakamalizia, talakini ikasomwa. Mzee Kombo akanijia mbele ya watu wote akanishika mikono yote miwili. Akasema Mungu atanilipa, kwamba mtu asiyewajua ametoa bega lake na kisha akatoa safari yake. Watu wakaitikia amina. Athumani alikuwa amesimama karibu. Nikamtazama. Neno lake moja lingetosha, na alikuwa na haki nalo.

"Bwana huyu alinirudia," akasema. Hakuongeza.

Tukala pamoja sinia moja, wali na kunde uliopikwa na majirani. Baadaye alinisindikiza mpaka barabarani, na hapo nikajikaza.

"Asubuhi pale, lile debe..."

"Asubuhi wewe hukujua," akanikatiza. "Mimi nilijua tangu mwaka juzi." Akanipa mkono, akarudi kwa wageni wake.

Ngamiani

Tangi liliisha maili tatu kabla ya mjini. Debe lilikuwa kwa Bi Mwanasha, na huko mbele yangu hapakuwa na mtu wa kumwomba. Nikavua viatu, nikavifunga shingoni, nikasukuma. Nilijua wazi kwamba alasiri ya Ijumaa baraza imejaa. Ningeweza kungoja magharibi mkatawanyika, na nilifikiria hivyo, lakini nikasema hapana, maili tatu hizi ni zangu.

Basi mliniona nikitokea kwenye kona. Salehe ndiye wa kwanza, aliacha kahawa ikafurika mkaani. Mkapiga makofi. Mkauliza imamu ameniombea dua gani safu ya mbele, mkauliza kama pikipiki imechoka kunibeba ikaomba zamu. Vicheko vikapanda mpaka wanawake wakachungulia madirishani. Kisha Salehe, anajipangusa machozi, akakumbuka adabu.

"Haya, Fundi. Habari za safari?"

"Njema," nikasema.

Mkasema alhamdulillahi. Mkaanza kuinuka, mmoja kwa duka lake, mmoja kwa mkewe, Salehe akabeba dele lake la kahawa. Mimi nikabaki pale nimeshika usukani, viatu shingoni, nangoja mmoja wenu akae.